Kwa Kaka Aliyeiziba Pua Gia Boksi

Kaka yangu,

Barua ya mtu kwa kaka yake huanza kwa kuuliza hali. Hii haitauliza. Hali yako naijua. Uko Chunya, unakula, unalala, unaendesha pikapu ya kubeba mawe ya dhahabu, na ukiona namba yangu kwenye simu unaiacha iite mpaka ichoke. Shangazi ndiye aliyenihakikishia kwamba u mzima. Nilimshukuru Mungu, tena kwa dhati, maana nina jambo ninalotaka likukute ukiwa na nguvu zako zote.

Naiandika wazi kwa sababu barua ya siri umeikataa mwenyewe. Wiki mbili zilizopita nilikutumia picha tatu. Uliziona, tiki ziligeuka bluu, ukanyamaza. Basi barua hii naiweka kwenye kundi la mafundi wa Ipogolo, wale wale uliosimama mbele yao siku tunamzika baba ukasema uliyoyasema. Wao wataisoma kwanza. Wewe utaletewa tu, habari ya namna hii haikosi wa kuibeba.

Unaikumbuka Ilula? Mimi nilikuwa darasa la sita, wewe umemaliza kidato cha nne na unatembea na spana mfukoni ili watu wajue. Tulikuwa na baba kwenye pikapu ya mjomba, tumekwenda kumchukulia mama nyanya. Tukarudi na matenga manane nyuma, na hata hatujafika mbali jiwe likarushwa na tairi likatoboa tangi la mafuta. Baba alitoa kichwa dirishani, akanusa, akakwambia, "Amba, hizo siyo nyanya zinavuja."

Ukaingia chini ya gari na mche wa sabuni tuliokuwa tumemnunulia mama. Ukamega, ukakanda kwa vidole, ukapachika kwenye tundu. Ikashika. Ulipotoka ulikuwa na vumbi mpaka ndani ya masikio, ukajifuta mikono kwenye suruali ya shule uliyokuwa bado unaivaa kazini, ukasema kwa majivuno, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Baba alicheka mpaka akalalia usukani. Mimi nilikuwa katikati yenu, nanuka petroli na nyanya, na nilikuwa nakupenda kuliko mtu yeyote niliyekuwa namjua. Nalisema hili ili wanaosoma waelewe nimeporomoka kutoka wapi.

Baba alipomaliza kucheka alikwambia maneno. Ninayaandika kama alivyoyasema, na wewe nikatalie kama unaweza.

"Sabuni ni ya tangi tu, mwanangu, usije ukaizoea. Gia boksi ya oto usiizibe hovyo. Ile inapumua kama mtu. Ukiiziba pua, itatafuta pa kutokea."

Mimi nikauliza kama gia boksi ina pua. Akanichorea kwenye vumbi la dashibodi kwa kidole: boksi, na juu yake mpira mwembamba umepanda kama mrija wa soda. Akanieleza kwamba gari likikimbizwa sana oili ya ndani inachemka na kuvimba, hewa inataka nafasi, na hewa hiyo hutokea hapo. Ukanigonga kichwani kwa upole ukasema, "Umeelewa, fundi?" Kwa hiyo siku ile tulifundishwa wawili. Usije ukasema hukuwepo.

Kwa wale ambao hawakumjua baba: alikuwa mtu wa Mbeya, wa Uyole, aliyeshuka Iringa kijana na kufungua gereji pale Ipogolo chini ya mlima, akafanya kazi moja tu maisha yake yote. Gia boksi za otomatiki. Mafundi wengine walikuwa wanaziogopa, wanasema ni matumbo ya kompyuta. Yeye alikuwa anaweka sikio kwenye bisibisi, bisibisi kwenye boksi, anafumba macho. Malori yakipita barabarani alikuwa anainua mkono watu wanyamaze, kana kwamba madereva wangemtii.

Na watu walikuwa wanamtania. Walisema gari la otomatiki ni la kumpeleka mama kanisani, haliwezi mbio, likikimbizwa raundi tatu linamwaga oili kama mbuzi aliyechinjwa. Baba utani huo ulikuwa unamchoma kuliko alivyoonyesha. Ndiyo maana ulipomwambia unataka kuingia kwenye mbio za vumbi kule upande wa Chunya na lile gari letu jeupe, hakukukataza. Miezi minne alikuwa chini ya gari lile. Alibadilisha sili zote, zile pete za mpira zinazozuia oili kuvuja. Alifunga paipu ndefu ya kupitisha oili mbele, kwenye upepo, ili ipoe, kwa sababu kwenye mzunguko dereva hapumziki, ni kona juu ya kona, na moto wa gia boksi hupanda kuliko wa injini. Siku aliyoikaza ile paipu mimi nilikuwa Mafinga, nimepeleka kazi ya kuchomelea. Sikuona. Ningeona, wewe leo usingekuwa unatembea na kichwa juu huko Chunya.

Tulifikia Uyole kwa ndugu wa baba. Asubuhi ya mbio unaikumbuka ilivyokuwa, baridi ya Uyole ya mwezi wa saba, maji ya kunawa yanauma vidole. Jana yake baba alikuwa amekuusia: oili ya gia boksi ipime gari likiwa limechemka, injini inawaka, mahali tambarare. Wewe uliamka kabla yetu, ukaipima gari limepoa kama jiwe la mtoni. Ikaonekana imepungua. Ukaongeza. Nililiona kopo la lita moja nyuma ya kiti, tupu, nikadhani ni la siku nyingine.

Tukapanda mlima, tukashuka upande wa pili hadi kwenye joto na vumbi. Ukazungusha raundi mbili za majaribio. Uliposimama, chini ya gari kulikuwa na matone mekundu. Mkaguzi akaja, yule mzee wa kofia ya pama, akachuchumaa, akachovya kidole.

"Hii gari inadondosha. Sheria mnaijua. Nikirudi nikikuta tone moja, mnageuza mnarudi kwenu Iringa."

Baba alikuwa wapi? Alikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Timu nyingine ilikuwa imemwita aje asikilize gia boksi yao. Nilimwona kwa mbali amefumba macho, bisibisi sikioni, vijana wamemzunguka kimya kama wako ibadani. Ilikuwa siku yake. Ungepiga mluzi tu angekuja, angeangalia, angekwambia umejaza kupita kiasi, ndiyo maana inatema kwenye pua, angetoa nusu lita, basi. Dakika kumi. Angekugombeza, ndiyo. Angekugombeza mbele ya madereva wenzako wenye ovaroli za rangi, na hilo ndilo hukulitaka.

Ukaja kwangu. "Atu, nipe sabuni ninawe mikono."

Nikakupa. Ilikuwa sabuni ya mama ya mche, ya bluu, nzima. Ukazunguka nyuma ya gari, ukakaa kidogo, ukanirudishia imekatwa pembe moja kwa kisu, mkato umenyooka. Nilikugombeza, kwa nini unakata sabuni ya mama? Ukasema, "Nimemgawia jamaa pale. Acha uchoyo, mdogo wangu." Ukanibana shavu. Mikono yako ilikuwa bado michafu, na mimi mjinga sikujiuliza mtu ananawaje akabaki mchafu vile.

Mkaguzi akarudi, akapitisha kiganja chini ya gari. Kikavu. Akapiga boneti, akasema sawa.

Raundi tatu za kwanza hata mimi nilipiga vigelegele. Nalikubali hilo, uliendesha vizuri. Baba alikuwa amesimama kwenye kamba ya watazamaji, lakini haangalii gari, anasikiliza. Raundi ya nne akanishika mkono. "Mbona inalia kama imekabwa?" Raundi ya tano akainua mkono wake juu, kiganja wazi, usimame. Uliuona. Uliniambia mwenyewe njiani tukirudi kwamba uliuona, ukadhani anakushangilia. Baba yetu, ambaye hajawahi kumshangilia mtu yeyote zaidi ya kutikisa kichwa.

Raundi ya sita ikatafuta pa kutokea. Sili ya mbele ilisukumwa nje, oili yote ikamwagikia bomba la moshi, gari likapotea ndani ya wingu jeupe. Tulisikia injini inalia na gari haliendi. Tukakimbia. Wewe ulitoka mzima, hata mkwaruzo huna, na kabla hujamaliza kuvua helmeti, kabla mtu hajakuuliza kitu, ulisema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Mzee hakukaza paipu ya mbele."

Jibu lilifika kabla ya swali. Ningekuwa na akili ningelishika pale pale.

Baba alipiga magoti kwenye vumbi. Kila kitu chini kilikuwa chekundu, paipu, bakuli la oili, chesisi, huwezi kujua imeanzia wapi. Akaigusa paipu akaondoa mkono haraka, ilikuwa moto. Vijana waliokuwa wamemzunguka asubuhi walikuwa wamemzunguka tena. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Inawezekana."

Ulikuwa na nafasi hapo, kaka. Nafasi pana kama uwanja ule. Ulichofanya ni kumshika bega ukamwambia, "Usijali mzee, ni umri."

Aliishi miaka miwili baada ya hapo, na mimi nilikuwa naye kila siku, wewe hukuwepo, kwa hiyo nisikilize. Habari ilifika Ipogolo kabla yetu. Fundi wa gereji ya jirani alikuja asubuhi na salamu ya Kihehe na maneno yake matamu, "Kamwene mzee, pole sana. Sasa macho hayo yapumzishe, waachie vijana." Baba akamwitikia vizuri, akaingia ndani, akakaa juu ya tairi. Baada ya hapo kila nati aliyokaza aliipaka nukta ya rangi nyeupe ili akumbuke. Kisha nukta hazikumtosha. Akawa ananiita. "Atu, njoo uguse hii. Nimekaza?" Nagusa, imekaza. Dakika tano, "Atu, hebu tena." Nyumbani alikuwa anaamka mezani kwenda kukaza bomba la maji ambalo halivuji. Mtu aliyekuwa anafungua na kufunga gia boksi amefumba macho!

Na la kwangu nalisema pia, nisijifanye malaika. Niliamini. Nilikuamini wewe. Nilikuwa napita nyuma yake nikikaza upya alichokwisha kukaza, kwa siri, nikidhani haoni. Siku moja alinikuta nimeshika spana juu ya kazi yake. Hakunifokea. Alisema tu, "Ndaga, mwanangu," akaenda kunawa. Shukrani ile nitakwenda nayo kaburini, na nusu yake ni yako, uichukue.

Gari lilipokaa uani miezi kadhaa ulipiga simu mara mbili, unahimiza liuzwe chuma chakavu, lote na gia boksi yake. "Msiifungue ile kitu, mtamuumiza mzee." Nikamwambia mama, ona kaka anavyomjali baba. Wakata vyuma wakaja wakalikata. Baba akasema gia boksi ibaki. Wakaitoa na kipande cha paipu kimening'inia, nikaifunika turubai kwenye uzio. Nilikuwa namwona wakati mwingine amesimama mbele ya lile turubai, mikono nyuma. Alitaka kujua, akaogopa kujua.

Halafu akaugua. Mwisho ule unaujua kwa sababu ulikuja, siku tatu. Alasiri moja tulikuwa sisi watatu chumbani, wewe kwenye kigoda karibu na kichwa chake. Alikuwa amelala macho wazi. Akasema, "Amba. Ile paipu. Naikumbuka mikono yangu ikikaza. Naikumbuka kabisa. Nilikaza, au sikukaza?"

Mtu anayekufa alikuuliza swali moja. Jibu ulikuwa nalo wewe peke yako duniani. Nilikuwa nakunja shuka upande wa miguuni, nikakuangalia, ukainamisha kichwa, nikadhani machozi yamekushika. Ukamshika mkono, ukamwambia:

"Yameisha, baba. Mimi nilishakusamehe."

Ulimsamehe! Kwa kosa lako wewe! Na yeye akakushukuru. Alikufa juma lile lile akikushukuru. Na juu ya kaburi, hapa Iringa alipoomba alale ili asikie malori yakipanda mlima, ukasimama kama mtoto mkubwa, ukasoma wasifu wake mbele ya mafundi wote, ukaongeza ambalo halikuwa kwenye karatasi: "Baba alikuwa binadamu, alikosea kama sisi, na sisi tulimsamehe." Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja alisema nyuma yangu, huyu kijana ana moyo. Una moyo kweli, wa aina gani ndiyo sijui.

Sasa nifike kwenye picha.

Mwezi uliopita alikuja mteja kutoka Makambako, gia boksi yake ya aina ile ile imepasuka gamba. Nikamwambia gamba ninalo. Nikalivuta turubai, mara ya kwanza tangu baba afe. Nikaanza kusafisha na mafuta ya taa. Nikaona kwanza sili ya mbele, imechomoka yote mahali pake, imesukumwa kutoka ndani kwenda nje. Paipu ikilegea haifanyi hivyo, inavuja tu. Nikasema moyoni, hii ilikabwa. Ndilo neno alilosema baba kwenye kamba. Nikapandisha mkono juu kuutafuta ule mpira wa kupumulia, mrija wa soda aliotuchorea kwenye vumbi la dashibodi. Nikaupata. Mdomo wake ulikuwa umejazwa. Nikaupasua kwa wembe. Ndani kulikuwa na kipande cha kijiti, na kijiti kimezungushiwa sabuni, imekauka, imeingia vumbi, lakini ni ya bluu, na upande mmoja una mkato wa kisu ulionyooka. Sili, mpira, sabuni: ndizo picha tatu nilizokutumia.

Nilikaa chini, kwenye oili, na sketi yangu ya kazini. Mteja akauliza kama naumwa. Nilikuwa naisikia sauti yako, "Acha uchoyo, mdogo wangu." Nilikuwa nalihisi shavu langu ulipolibana.

Sabuni niliitoa mimi kwa mkono wangu. Hilo linaniamsha usingizini. Ila mimi nilikupa ukanawe.

Umewatuma watu kuniambia niache, mambo ya zamani, marehemu hafufuki. Shangazi anasema ulikuwa kijana, ulipaniki, na kuziba hukujua madhara. Nimemwambia shangazi kwamba kuziba ninakusamehe. Kweli kabisa. Kila fundi ana siku yake ya ujinga, baba mwenyewe aliwahi kufunga sili kichwa chini. Ungenizibia hata magari kumi. Nisichokusamehe ni miaka miwili. Nisichokusamehe ni kile kigoda, ile alasiri, ule mkono ulioushika. Nilijaribu kukuonea huruma, nimeshindwa. Nakuchukia, kaka, na sijawahi kumwambia mtu neno hilo maishani, na sijisikii vibaya kama nilivyodhani.

Nilimwonyesha mama. Niliogopa kumwonyesha, lakini sabuni ilikuwa yake. Alikishika kile kipande muda mrefu, akakinusa, akakiweka mezani. Alisema, "Kwa hiyo mume wangu alikaza." Nikamwambia naamini alikaza. Akasema, "Usiniambie unaamini. Miaka yote ile tuliishi kwa kuamini."

Hapo ndipo nilipopata wazo, na wazo lenyewe ndilo barua hii.

Ile nati ya paipu ya mbele bado ipo, kaka. Wakata vyuma waliikata paipu, nati hawakuigusa. Ina kutu na vumbi la Chunya. Tangu baba aikaze, hakuna aliyeifungua. Mimi nimeijaribu kwa vidole tu, ikawa kama imezaliwa pale, nikaondoa mkono. Mteja wa Makambako nimemtafutia gamba jingine. Nati sijaifungua na sitaifungua. Mafundi wanaosoma hapa wanajua: nati iliyokazwa ikifunguka hupiga mlio, kwa! Iliyosahaulika huzunguka bila sauti, na kutu yake huwa imeingia mpaka kwenye meno. Hakuna wa kudanganya hapo.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tunafanya ibada ya kumbukumbu ya baba na kuweka msalaba wa zege. Mchungaji ameshakubali. Baada ya kaburini watu watakuja gereji kula, na kwa desturi mtoto mkubwa ndiye husimama kumzungumzia marehemu. Ratiba ina jina lako, mama amekataa lifutwe. Uani nitaweka meza, juu ya meza nitaweka gia boksi kama ilivyo, na mpira wake uliopasuliwa, na kile kipande cha sabuni kwenye kisahani. Pembeni nitaweka spana ya baba, namba kumi na saba, ile yenye mpini aliouzungushia mpira wa tyubu.

Hutahitaji karatasi wala maneno mazuri. Utaichukua spana, utaishika nati, utaifungua. Watu wote walioambiwa baba yetu hakukaza watakuwa wamesimama pale, pamoja na yule jirani wa kamwene, nimemwalika mwenyewe. Watanyamaza kama walivyokuwa wananyamaza baba alipoinua mkono, na watasikiliza.

Usipokuja, nitaichukua mimi. Lakini mama anasema mkono uwe wako. Anasema baba alikuuliza wewe.

Mimi mdogo wako, niliyekupa sabuni.